UZI: Bruda siyo padri aliyefeli. Kisa cha La Salle na walimu wa Reims

Mwalimu_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi tulikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa ndugu yangu. Mezani kwetu alikaa bruda mmoja, yaani mtawa wa kiume asiye padri, mtu mzima, mvi zimeshika kichwa, amefundisha hesabu mpaka wanafunzi wake wana wajukuu. Shangazi yangu akamtazama kwa huruma, akamjazia pilau, halafu akamuuliza: "Sasa baba, upadre wako ni lini?" Bruda akacheka. "Mama, mimi nimeshafika." Shangazi akamwongezea nyama, kama mtu anayetoa pole ya msiba.

Nimeona niandike. Kwetu bruda anaonekana ni mtu aliyekwama njiani: falsafa ilimshinda, au alifukuzwa seminari akaonewa huruma. Nitaeleza historia ya shirika moja tu, Mabruda wa Shule za Kikristo, wale wa La Salle. Hawa walikataa upadre kwa makusudi, wakaandika katazo hilo kwenye kanuni yao, na limewagharimu.

Itakuwa ndefu. Wavivu wa kusoma mtanisamehe.

Reims, Ufaransa, mwaka 1651. Anazaliwa Jean-Baptiste de La Salle, mtoto wa kwanza wa familia ya kitajiri, baba yake mwanasheria wa mahakama ya mfalme. Akiwa na miaka 15 tayari ni kanoni wa kanisa kuu la Reims. Kwa wasiojua, kanoni enzi hizo ni cheo chenye kipato cha uhakika maisha yote: unasali kwaya, unapokea chako. Wazazi wakafariki, mama 1671, baba 1672, kijana akabaki na wadogo zake wa kulea. Akapata upadre 1678, udaktari wa teolojia 1680. Yaani njia nyeupe mpaka uaskofu.

Mwaka 1679, mlangoni kwa masista wa Mtoto Yesu pale Reims, akakutana na mzee mmoja aitwaye Adrien Nyel, ametoka Rouen na barua mkononi, anatafuta kufungua shule za bure za wavulana maskini. La Salle akamsaidia kwa adabu tu, kama unavyomsaidia mgeni kumpata mwenyekiti wa mtaa. Shule zikafunguliwa. Tatizo likawa walimu.

Ualimu wa shule za maskini wakati ule ilikuwa kazi ya mtu aliyekosa kazi. Kusoma kwenyewe wanababaisha, adabu hawana, na Nyel hakuwa mtu wa kutulia mahali akawasimamia. La Salle akaanza kuwalipia pango karibu na kwake, halafu akawaita kula mezani kwake, na Juni 1681 akawahamishia nyumbani kwake kabisa. Familia ikaja juu, wadogo zake wakaondolewa pale. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba walimu wale mwanzoni aliwaona chini ya mtumishi wake wa ndani, na kwamba angejua msaada ule mdogo ungemfikisha kuishi nao asingeugusa kabisa. Mtu anakiri mwenyewe dharau yake kwa maandishi. Ndiyo maana namwamini.

Naendelea baadaye, kuna daftari za kusahihisha hapa.

Kikombe_cha_Uji

Nimeshaweka kigoda. Shusha mkuu.

Chaki_Nyeupe

Mimi nimesoma kwa mabruda, sitaji shule. Swali la shangazi yako sisi tulimuuliza mwalimu wetu wa fizikia darasani. Akajibu, "Nikiwa padri nani atawasahihishia hizi?" Tukaishia hapo. Endelea mwalimu.

Mwalimu_wa_Zamu

Narudi.

Walimu wakaanza kulalamika: tukiugua je? Tukizeeka je? La Salle akawahubiria habari za kutegemea maongozi ya Mungu, ndege wa angani na maua ya kondeni. Walimu wakamjibu bila kupepesa macho: wewe ni rahisi kusema, una ukanoni na una mali za baba yako. Shule zikifa, wewe utakula. Sisi tutaokota barabarani.

Hapo mahubiri mengi yangeishia. Yeye akaona wamesema kweli. Mwaka 1683 akaachia ukanoni, na badala ya kumpa mdogo wake Jean-Louis kama kila mtu alivyotarajia, akampa padri mmoja maskini aitwaye Faubert. Ndugu hawakumwelewa kabisa. Ikabaki mali. Akaenda kwa mshauri wake, padri Nicolas Barré, kuuliza: niweke mtaji wa kuendesha shule? Barré akakataa, akisema shule zikijengwa juu ya mtaji zitaanguka. Njaa ikaipiga Reims 1684 mpaka 1685, La Salle akaigawa mali yake yote kwa mkate. Watoto shuleni, maskini wanaoona aibu kuomba, waliopanga foleni mlangoni, wote wakala mpaka ikaisha.

Baada ya hapo yeye na walimu wakawa sawa, wote hawana kitu. Wakaanza kuitana "bruda". Wakavaa kanzu nyeusi nzito, kola nyeupe mbili shingoni, viatu vizito, na juu yake koti la wakulima lenye mikono inayoning'inia bila kuvaliwa. Watoto wa mtaani wakawaita "mikono minne".

Sasa kwa nini hawakuwa mapadre. Naomba mkae vizuri.

Mwanzoni La Salle alitaka wawepo mapadre wachache ndani ya shirika ili liongozwe na mtu wao. Akamchagua bruda mwenye akili kuliko wote, Henri L'Heureux, akampeleka kusoma teolojia Paris. Mwaka 1690 La Salle akiwa Reims akaletewa habari kwamba Henri ni mgonjwa sana. Akafunga safari. Alipofika Paris akakuta kijana ameshazikwa siku mbili.

Alilia sana, inasemekana. Alipotulia akalisoma tukio lile kama jibu. Akaandika kwenye kanuni: hakuna bruda atakayekuwa padri, wala kutamani cheo chochote cha kanisa. Tena akaongeza: bruda hatafundisha Kilatini, na anayekijua aishi kama asiyekijua. Kilatini ndiyo ilikuwa ngazi ya kupandia ukasisi. Ameiondoa ngazi yenyewe, siyo kufunga mlango tu.

Wapo wanaosema ni majonzi yaliyomfanya aamue hivyo. Mimi nadhani hesabu yake ilikuwa ya kimwalimu. Padri ana misa, ana ungamo, ana mgonjwa wa usiku, ana mazishi. Ikigongana na kipindi, kipindi ndicho kinachokufa. Na ndani ya nyumba mkiwa na mapadre na wasio mapadre, baada ya mwaka mmoja mnajua nani ataosha vyombo.

Sheria_na_Haki

Mkuu kisa kizuri, ila usimpe mtu mmoja sifa zote. Kuna watu husema La Salle ndiye aligundua darasa. Padri Charles Démia alikuwa na shule za maskini Lyon kabla yake, na Pierre Fourier alishasema watoto wafundishwe kwa pamoja.

Mwalimu_wa_Zamu

Sahihi, na wala sikuwa nimesema aligundua. Alichofanya ni kulifanya jambo lile litendeke kila siku, kwenye shule nyingi, na mwalimu wa kawaida kabisa.

Wengi hamjui shule ya zamani ilikuwaje. Mwalimu amekaa mezani, watoto hamsini wamekaa wanapiga kelele. Anaitwa mtoto mmoja, anasoma mstari wake, anarudi. Anaitwa mwingine. Kila mmoja ana kitabu alichookota nyumbani. Mtoto anapata dakika chache za mwalimu kwa siku, muda uliobaki ni fujo na kiboko.

Mabruda wakagawa watoto kwa viwango, kila kiwango kitabu kimoja. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wote wanafuata kimoyomoyo, na mwalimu anaweza kumsimamisha yeyote aendeleze pale pale. Ukisinzia umeumbuka. Wakaandika mwongozo wa kazi hii, uliochapwa 1720, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki, na ukiusoma ukiwa mwalimu utacheka kwa kujitambua. Unaeleza jinsi ya kuchonga kalamu ya unyoya. Unaeleza mtoto mtoro: kwanza jiulize kama shule yenyewe haimpendezi, au mwalimu ndiye hampendezi.

Kitu ninachokipenda ni kifungua kinywa. Watoto walikuja na mkate wao na kuula darasani, mbele ya mwalimu, ili wajifunze kula kwa ustaarabu huku sala zikirudiwa. Kapu linapitishwa. Mwenye mkate wa ziada anatia kipande, mwisho kapu linagawiwa kwa waliokuja mikono mitupu. Hakuna anayetajwa jina kwamba huyu kwao hakuna.

Na mwalimu hasemi hovyo. Ana kijiti cha ishara kinacholia *ta*. Kikilia, aliyekosea neno alirudie. Kijiti kikielekezwa kwako, wewe ndiye unasoma. Nimewahi kujaribu darasani kwangu na kalamu ya kubofya. Siku ya tatu wanafunzi wote wakawa wanabofya za kwao. Nikaacha.

Dada_wa_Doha

Hapa kazini nina Mfilipino, fulana yake ya kijani haimtoki mwilini, imeandikwa La Salle. Nilidhani ni timu ya mpira!

Mwalimu_wa_Zamu

Dada, hiyo ni De La Salle ya Manila, mabruda waliifungua 1911. Kijani ndiyo rangi yao, na kwenye mpira wa kikapu hawataniwi. Umekosea nusu tu.

Kamusi_Kubwa

Kwa hiyo adui wao alikuwa nani? Maana kila mtakatifu ana adui. Wazushi? Serikali?

Mwalimu_wa_Zamu

Hapo ndipo patamu. Adui alikuwa walimu wenzao.

Mwaka 1688 La Salle alipeleka mabruda Paris, parokia ya Saint-Sulpice, mtaa wa Princesse. Paris kulikuwa na chama cha walimu wa mwandiko. Wao tu ndio walioruhusiwa kufundisha kuandika kwa malipo. Kulikuwa pia na walimu wa shule ndogo za kulipia, chini ya mkuu wa waimbaji wa kanisa kuu la Notre-Dame. Shule za hisani ziliruhusiwa, lakini kwa masikini walioorodheshwa, na hao wafundishwe kidogo tu.

Mabruda walipokea kila aliyekuja bila kuuliza baba yake anapata kiasi gani. Na shule yao ilikuwa bora. Fundi viatu mwenye uwezo wa kulipa anampeleka mtoto wake wapi? Kwa bruda, bure. Wale wa chama wakaona ugali wao unaondoka. Mashitaka yakafuatana, na 1704 wakaingia wakabeba vifaa vya shule. Hukumu zikaenda upande wa chama. Mwaka 1706 mabruda wakazifunga kwa muda shule zao za Saint-Sulpice.

Nawaelewa wale walimu, kusema kweli. Mtu ana mke na watoto, anaishi kwa ada ya mwandiko, jirani yake anafungua shule ya bure yenye walimu wasio na familia. Leo hii fungua duka la bure Kariakoo uone utakavyoagwa. Ila mtoto wa fundi viatu naye alikuwa na haki ya kuandika jina lake.

Ugomvi mwingine ulikuwa wa lugha. Kila mahali mtoto alianza kusoma kwa Kilatini, maana ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. La Salle akaanza na Kifaransa. Askofu wa Chartres, Godet des Marais, rafiki yake kabisa, akapinga. La Salle akamwandikia sababu: Kifaransa mtoto anakiongea tayari, anakijua kusoma kwa muda mfupi; mtoto wa maskini anaondolewa shule mapema kwenda kufanya kazi, na akiondoka na Kilatini nusu hana Kilatini wala Kifaransa. Sisi tuliobishana miaka yote kuhusu lugha ya kufundishia, hoja hii tunaijua kwa moyo.

Nyeri_Hadi_Leo

Sasa wewe umenikumbusha. Hawa wako kwetu Kenya pia, Nyeri wako na shule. Na hiyo maneno ya Kilatini ni ukweli iliwasumbua huko Marekani. Mabruda walikuwa na vyuo, maaskofu wanataka wafunze Kilatini, Roma inasema zii, kanuni ni kanuni. Ikaendelea hadi 1923 ndio Papa Pius XI akawaambia sasa fundisheni. Miaka zaidi ya mia mbili juu ya jambo moja!

Mwalimu_wa_Zamu

Asante ndugu, umenipunguzia kazi. Na angalia kilichotokea hapo: katazo lililowekwa kwa ajili ya maskini likageuka kuwa kizuizi kwa watoto wa wahamiaji waliotaka kupanda chuo kikuu. Kanuni nzuri nayo inazeeka.

Bukavu_Kwetu

Jambo bandugu. Kwetu Kivu tunajua zaidi ba Marist, wa Champagnat. Tarehe 31 Oktoba 1996, mabruda wane Wahispania waliuawa Bugobe, kwenye kambi ya wakimbizi. Waliambiwa waondoke, walikataa kuacha wakimbizi. Majina: Servando, Julio, Miguel Ángel, Fernando. Nimeona niwataje hapa.

Mwalimu_wa_Zamu

Umefanya vizuri, kaka. Marist walianzishwa La Valla, Ufaransa, Januari 1817. Uganda nako, wale wa Kisubi ni wengine tena, Mabruda wa Mafundisho ya Kikristo wa Jean-Marie de la Mennais. Watu wanawachanganya kwa sababu majina yanafanana, na kweli wote wamefuata mfano mmoja ule wa Reims.

Sheria_na_Haki

Sitaki kuharibu uzi, ila tusiimbe sifa tu. Ireland je? Ripoti ya 2009 kuhusu watoto kunyanyaswa kwenye shule za mabruda nimeisoma. Inatia kichefuchefu.

Mwalimu_wa_Zamu

Hauharibu. Ripoti ya 2009 iliwagusa zaidi Christian Brothers wa Edmund Rice, shirika la Waairishi lililoanza Waterford 1802, ambalo ni jingine. Lakini sitajificha nyuma ya jina. Ireland ya Kaskazini kulikuwa na makao ya wavulana yaliyoitwa Rubane House, ya La Salle hawa hawa ninaowasimulia, na uchunguzi uliotoa ripoti 2017 ulithibitisha watoto walinajisiwa na kupigwa pale, na waliotakiwa kuzuia hawakuzuia. Mwongozo ule ule unaoniambia mtoto mtoro aulizwe kwa upole ulikuwa kwenye kabati lao. Hilo sina la kulitetea.

Chaki_Nyeupe

Tumalizie La Salle mwenyewe. Alikufaje?

Mwalimu_wa_Zamu

Kabla ya kufa kuna tukio. Mwaka 1712 alishindwa kesi mbaya Paris, akaelekea kusini: Marseille, Grenoble. Alichoka. Nadhani alianza kuamini kwamba yeye ndiye mkosi wa shirika. Pale Grenoble akaingia darasani kufundisha watoto wadogo kusoma, daktari wa teolojia.

Paris mambo yakaanza kwenda kombo, wakubwa wa kanisa wanataka kuwakata mabruda vipande vipande, kila jimbo na wake. Tarehe 1 Aprili 1714 mabruda wakaandika barua. Wanamkumbusha kwamba na yeye aliweka nadhiri ya utii kwa shirika, na kwa mamlaka ya shirika wanamwamuru arudi mara moja kuliongoza. Walimu wa mtoto wa fundi viatu wanamwamuru aliyekuwa kanoni wa Reims! Akarudi. Agosti akatokea mlangoni Paris, akawauliza wanataka afanye nini.

Mwaka 1717 akafanikisha achaguliwe bruda, Barthélemy, kuwa mkuu. Tangu hapo hakuna padri aliyewaongoza tena. Akafa Saint-Yon, Rouen, Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Mabruda walikuwa karibu mia moja. Idhini ya Papa ilikuja 1725, yeye hayupo.

Mapinduzi ya Ufaransa yakawafuta 1792. Bruda Salomon Leclercq, katibu wa mkuu wao, akauawa Paris Septemba 2 mwaka huo, akatangazwa mtakatifu 2016. Napoleon akawarudisha. Sheria ya Julai 1904 ikawapiga marufuku kufundisha Ufaransa, wakatawanyika dunia nzima, na ndivyo walivyofika mahali pengi. Katikati ya miaka ya 1960 walizidi 16,000. Leo hawafiki 4,000, na walimu madarasani kwao wengi ni walei, yaani waumini wa kawaida wasio watawa. Wakati huo huo wa miaka ya 1960 walikaa kikao kikuu wakalijadili tena swali la shangazi: tuwe na mapadre? Wakasema hapana.

Kikombe_cha_Uji

Wale waliokuwa naye mwanzo waliishia wapi?

Mwalimu_wa_Zamu

Mwaka 1691, shirika likiwa karibu kufa, La Salle aliweka nadhiri ya siri na wawili, Nicolas Vuyart na Gabriel Drolin: hawataacha hata wakibaki watatu tu, hata wakila mkate mtupu wa kuomba. Vuyart baadaye akachomoka. Drolin alitumwa Roma 1702 kufungua shule chini ya pua ya Papa, akakaa peke yake bila jumuiya mpaka 1728. Bwana wake akafa, idhini ya Papa ikatoka, yeye bado yuko Roma anafundisha watoto kusoma.

Nyeri_Hadi_Leo

Mwalimu, shangazi ameisoma hii?

Mwalimu_wa_Zamu

Nimemsomea jana kwa simu, yote, mpaka pale kwenye kapu la mkate akasema "huyo mtu alikuwa na mama mzuri". Nilipomaliza akanyamaza, halafu akauliza: "Kwa hiyo hata kubatiza hawezi?" Nikamwambia kwa dharura hata wewe shangazi unaweza. Akakata simu.